Maoni Yetu: Kiziwi haitwi kwa mdomo

Simama asubuhi karibu na dirisha la hospitali yoyote kubwa ya umma. Kadi zimerundikwa mezani, mtumishi anaita majina kwa sauti, na asiyeitika kadi yake inarudi chini ya rundo. Kwa wengi wetu hiyo ni kero ndogo. Kwa kiziwi siku nzima inaishia hapo. Amekaa benchi la mbele, anatazama midomo, na jina lake linampita hivi hivi. Saa saba akienda kuuliza, anaonyeshwa kwa ishara ya mkono kwamba aliitwa.

Ni kweli, aliitwa.

Mganga mfawidhi atasema hospitali yake haimbagui mtu, nasi tunamwamini. Hakuna aliyeketi akapanga kumwonea kiziwi. Utaratibu huo uliwekwa na watu wanaosikia, na ofisini mwao hakukuwa na mwenzao wa kuwauliza: sasa mimi nitajuaje nimeitwa?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Hospitali yenye watumishi 400 inapaswa basi kuwa nao 12. Wako wapi? Tutaambiwa ajira hupangwa na Serikali kuu. Sawa, lakini zipo hospitali zinazoajiri kwa mkataba kwa fedha za mapato ya ndani, na huko hakuna wa kusingiziwa.

Tunaanza na watumishi kwa makusudi. Mtu wa maabara anayetembelea kiti cha magurudumu hahitaji semina ili agundue kwamba mzani wa kliniki ni wa kusimama tu. Mgonjwa asiyeweza kusimama hukadiriwa uzito kwa macho, na zipo dawa ambazo dozi yake hutegemea uzito huo. Muuguzi mwenye ulemavu wa miguu ataona mara moja kitanda cha kujifungulia kisichoshuka, ambacho mama mwenzake hubebwa juujuu kupandishwa, huku uchungu umemkaba.

Na siri? Mama kiziwi hupimwa virusi vya Ukimwi kliniki, na majibu hupitia kwa wifi yake kwa sababu ndiye pekee anayemwelewa. Mkalimani wa lugha ya alama si anasa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo. Hospitali inaweza kukiuliza wakalimani wanapatikana wapi na kuwapangia siku za kliniki.

Tukiwa hapo hapo, tuwataje wafagizi. Wengi siku hizi ni wa mzabuni. Wanashika damu na matapishi kila zamu, ila hawana kiti kwenye baraza la wafanyakazi, kwa kuwa kwenye makaratasi si wafanyakazi wa hospitali. Wao ndio hujua wodi ipi haina maji na choo kipi mlango wake haupitishi kiti cha magurudumu. Kuwaalika kikaoni hakuhitaji kibali cha Hazina.

Mengi ya haya ni ya bei ndogo: namba zilizoandikwa kwa wino mzito, ujumbe wa simu, mzani mmoja wa kukalia. Kitanda kinachoshuka ni ghali zaidi, kwa hiyo kiingie kwenye bajeti sasa.

Kila hospitali ya umma hupenda kubandika mkataba wake wa huduma kwa mteja pale mapokezi. Bodi za hospitali ziongeze karatasi moja pembeni, yenye idadi ya watumishi wenye ulemavu walioajiriwa, idadi inayotakiwa na sheria, na tarehe ambayo pengo litazibwa.