Kitobo kidogo kinataka mwendo mkali

Ndugu mwandishi, uliposema kwenye makala yako kwamba biti nyembamba ya drili iendeshwe polepole, sikubaliani nawe. Kwenye chuma cha kawaida, makali ya biti hukata vizuri yakienda kama mita 25 hadi 30 kwa dakika. Biti ya milimita 10 hufikia hapo kwa mizunguko kama 900 kwa dakika. Ya milimita 2 inataka zaidi ya 4,000. Drili nyingi za mkono hukomea karibu 3,000, basi bonyeza swichi mpaka mwisho. Kinachovunja biti nyembamba ni kuikandamiza na mkono kuyumba, si mwendo.

Sisi tunaojiundia vigari vya mfano huku Garsen hutumia vyuma chakavu, zikiwemo springi za malori ya barabara ya Malindi na Lamu. Springi ni ngumu, biti ya kawaida huteleza tu. Itie springi kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, uifukie kwenye majivu ipoe yenyewe hadi kesho. Kisha ifunge kwenye jiliwa, piga alama kwa panchi, dondoshea mafuta, na toa biti mara kwa mara chenga zitoke. Ukiona unga badala ya nyuzi zilizojikunja, biti imekwisha makali.

Wenzangu, miwani vaeni, lakini glavu vueni: biti ikinasa kitambaa huvuta na kidole.

Msomaji, Garsen