Bastola ya Urithi: Haki Kwanza, Bei Baadaye



Maswali mengi ya mirathi yanayofikishwa mbele ya kamati za misikiti huku Mbulu na Hanang ni ya ng'ombe, mashamba na nyumba. Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya swala, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika: marehemu ameacha bastola ya kale, je, ina thamani gani, na nani aichukue? Kwa kuwa swali hili linagusa haki za wajane na mayatima, na linagusa pia sheria ya nchi, tumeona ni bora tulijibu hadharani.

Kuwapo kwa silaha hizi si jambo la kushangaza. Nchi hii ilipita chini ya Wajerumani, kisha ikawa uwanja wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, kisha ikatawaliwa na Waingereza. Vijana wa Tanganyika walipelekwa vitani hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Walowezi nao walilima kahawa Oldeani na Karatu, zamani sehemu hizo zikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Katika pitapita hizo, bastola za jeshi la Uingereza kama Webley Mark VI, iliyoanza kutumika mwaka 1915 na kubeba risasi sita katika chumba chake kinachozunguka, zilitawanyika pande nyingi za dunia. Mjukuu anayeikuta moja ndani ya sanduku la babu yake huona ameokota hazina.

Jambo la kwanza tunalolisisitiza ni kwamba silaha inayomilikiwa kihalali ni mali, na mali ya marehemu ni ya warithi wote. Wako wanaosema kuwa silaha ni kitu cha wanaume, hivyo mtoto wa kiume mkubwa huichukua nje ya hesabu, kama mkuki wa baba. Hilo halina msingi katika dini yetu. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa, ya 11 na ya 12, hazikubagua kati ya jembe, ng'ombe na upanga. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa pishi 30 za shayiri. Imepokewa pia kuwa hakuacha ila nyumbu wake mweupe, silaha zake na ardhi aliyoifanya sadaka. Manabii hawarithiwi, lakini funzo lililomo ni hili: zana ya vita ilihesabiwa kuwa mali yenye thamani, inayoweza kudhamini deni na kutolewa sadaka. Basi itakuwaje thamani hiyo ifichwe machoni pa mjane?

Jambo la pili ni sheria ya nchi, nayo ndiyo mlango wa thamani yenyewe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni hupewa mtu. Haihami kwa damu. Marehemu hata kama alikuwa na leseni safi, mwanawe hana ruhusa ya kukaa na silaha ile kwa sababu tu ni mwanawe. Familia inapaswa kutoa taarifa polisi bila kuchelewa, na silaha ihifadhiwe huko. Mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda ngazi za juu.

Tunawanasihi pia wazee wetu: msiifungue wala msiijaribu kuona kama inalia, na msiibebe kwenye basi kutoka Haydom au Bassotu mkidhani mnafanya wema. Mjulisheni kwanza mtendaji wa kata au kituo cha polisi, mpewe maelekezo. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kumwelekezea ndugu kipande cha chuma, japo kwa mzaha. Risasi iliyosahauliwa ndani kwa miaka 60 haina mzaha.

Sasa tuje kwenye thamani. Vijana huingia kwenye intaneti, wakaona bastola inayofanana na ya babu imenadiwa Marekani kwa maelfu ya dola, wakarudi nyumbani na ugomvi. Bei ile ni ya soko jingine. Kule, sheria ya shirikisho huhesabu silaha iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 kuwa ya kale, na masharti yake ni mepesi. Wako watu wanaozikusanya kwa wingi na kushindana kuzinunua. Hapa kwetu mnunuzi ni yule tu mwenye idhini, na kuipeleka silaha nje ya nchi kunahitaji kibali. Bei isiyoweza kupatikana kihalali haifai kuingizwa katika hesabu ya mirathi.

Hata hivyo, misingi ya ukadiriaji ni ile ile kila mahali. Hutazamwa mtengenezaji na aina. Kama namba zilizochongwa kwenye vipande mbalimbali zinalingana. Kama rangi ya chuma ni ya kiwandani. Na kama ipo karatasi au picha ya kuthibitisha historia yake. Kwa hiyo msiisugue kwa msasa wala kuipaka rangi mkidhani mnaipandisha bei, kwani mnaishusha. Leseni ya zamani ya babu, mkoba wake wa ngozi na cheti chake cha jeshi vihifadhiwe pamoja. Mkadiriaji awe mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, asiye na maslahi katika mirathi ile, na itakuwa bora wawe wawili. Wakadirie kwa bei ya siku ya kugawa, si bei aliyonunulia marehemu.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na bastola imekadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 800,000. Warithi ni mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni, yaani 100,000. Zinazobaki 700,000 hugawanywa mafungu saba: kila binti 100,000, kila mwana 200,000. Mwana aliyepata leseni akitaka kuichukua, 200,000 ni zake, na 600,000 ni haki ya wenziwe. Azilipe taslimu, au zikatwe katika fungu lake la ng'ombe na shamba kwa ridhaa ya wote. Msimamizi wa mirathi aiandike bastola hiyo katika orodha ya mali ambayo kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka aiwasilishe ndani ya miezi minne tangu ateuliwe.

Je, ikiwa silaha haikuwa na kibali tangu awali, kama magobore mengi yalivyo? Hiyo isitiwe bei kabisa. Isalimishwe, na serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mashtaka. Hapa ipo dhuluma tunayoihofia zaidi: ndugu kumpa dada yao silaha isiyo na kibali na kumwambia, "Hili ndilo fungu lako, lina thamani kubwa," kisha wao wakagawana ng'ombe. Dada huyo amepewa kesi, hakupewa mali. Mgawo wa namna hiyo urudiwe, hata kama miaka imepita.

Na familia ambayo haina mwenye sifa za kupewa leseni inaweza kuiuza kwa mwenye idhini kupitia polisi na kugawana fedha. Warithi wote watu wazima wakiridhia, wanaweza pia kuulizia kwa mamlaka kama makumbusho yataipokea, ili jina la mzee libaki penye heshima. Lakini fungu la mtoto mdogo halitolewi zawadi na mtu yeyote; hilo lilipwe kwanza.

Wabillahi tawfiq.