Wageni wa Meli na Msitu wa Jozani: Haraka ya Nini?



Msimu wa meli za watalii ndio huu. Ukipita Malindi asubuhi unaiona meli imesimama bandarini, ndefu kama mtaa, ghorofa juu ya ghorofa, na chini mabasi yamejipanga yakisubiri. Wageni wanashuka na kofia zao na chupa za maji, na kila mmoja keshaambiwa saa ya kurudi. Meli haimsubiri mtu. Mwenye kuchelewa atajijua mwenyewe na pasi yake.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa meli hata magharibi haimkuti hapa. Basi tunamfanyia nini mgeni wa saa sita? Siku hizi jibu limekuwa kumpakia kila kitu: Jozani akaone kima punju, mashamba ya viungo akanuse mdalasini, Changuu akapige picha na makobe, kisha Mji Mkongwe kwa miguu, duka la vinyago, na mbio bandarini. Sisi tunaona si sawa. Na anayeumia zaidi katika mbio hizo si mgeni.

Tufanye hesabu ndogo. Jozani iko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Kwa foleni zetu za sasa, hasa kabla hujaipita Mwanakwerekwe, hiyo ni saa nzima, kwenda tu. Kwenda na kurudi ni saa mbili zimekwisha ndani ya gari. Changuu inataka boti, kwenda na kurudi pia. Ukitoa kushuka melini, foleni ya choo, na mama mmoja aliyesahau miwani yake, msitu unabakiwa na dakika arubaini. Mtu kasafiri bahari nzima, kapewa dakika arubaini za msitu ambao hauna mfano popote.

Wala hatusemi hivyo kwa kujisifu. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake duniani. Wachache walipelekwa Pemba, msitu wa Ngezi, lakini kwao ni hapa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionesha wamezidi 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na hata hivyo bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama utosini kama bibi aliyeamka hajashika kitana. Matunda mabivu hawayawezi, tumbo lao limeumbiwa majani na matunda machanga. Na wakila majani ya mkungu au ya mwembe, ambayo yana sumu yake, hushuka wakatafuta mkaa kwenye matanuri wakautafuna ili tumbo litulie. Nani aliwafundisha? Subhana Llah. Mama mwenye kima mdogo kifuani anajua dawa ya tumbo, na mwanawe anajifunza kwa kumtazama.

Hayo huyaoni kwa dakika arubaini. Utaona mkia, utapiga picha, utaitwa.

Ukikaa, ndipo msitu unapofunguka. Kuna mitondoo mikubwa, kuna michikichi na miwale kwenye sehemu za majimaji, maana maji ya chini ya ardhi pale yako karibu sana na mvua ikinyesha sakafu yote huwa dimbwi. Kuna komba wanaolala mchana. Paa nunga ndio usitarajie kumuona, amekuwa adimu mno. Na wa umri wetu wanakumbuka hadithi za chui wa Unguja, yule ambaye wengine waliamini anafugwa na wachawi. Watoto tulikuwa hatutoki nje usiku kwa ajili yake. Upande wa pili wa barabara, Pete, kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko. Maji yakiwa yametoka unaona kaa na mizizi yote wazi, yakijaa unaona samaki wadogo wanapita chini ya miguu yako. Mwanamke wa ghuba ya Chwaka anayekwenda kwenye mwani au kuchokoa pweza anapanga siku yake kwa bamvua na maji mafu. Ratiba ya meli haijui bamvua.

Sasa tuje kwenye barabara, na hapa ndipo roho zetu zinapotuuma. Ile barabara ya kusini inakata katikati ya makazi ya kima punju. Wanavuka kila siku kutoka msituni kwenda kwenye miti ya mashamba ya watu. Matuta yaliyopo pale hayakujengwa kwa mapambo. Yalijengwa kwa sababu kima walikuwa wanagongwa mara kwa mara, na ingawa vifo vilipungua, havikwisha. Sasa mchukue dereva aliyeambiwa wageni 20 lazima wawe bandarini kabla ya meli kufungua kamba, na yuko Pete, na saa inakwenda. Huyo atapunguza mwendo kwa ajili ya mama kima anayevuka na mtoto? Tunamlaumu dereva, lakini aliyepanga vituo vinne kwa siku moja yumo ofisini na kiyoyozi chake.

Na huyo dereva ni mtoto wetu, ni mume wetu. Adhuhuri inamkuta njiani, na msikiti anaupita hivi hivi kwa sababu mgeni bado hajafika shamba la viungo. Miaka hii Ramadhani imeangukia ndani ya msimu wa meli, kijana kafunga, jua la kaskazi kichwani, anakimbizana na saa ya watu wengine. Mgeni angeambiwa tu kuwa tutasimama dakika kumi watu wasali, angekubali. Wengi wangefurahi hata kuona.

Wapo watakaosema, wageni wenyewe ndio wanaotaka kuona vyote, na tusipowapa watapewa na jirani. Tunaelewa, biashara ni biashara. Lakini mgeni anataka kile alichotajiwa. Akitajiwa vitu vinne atataka vinne. Akiambiwa asubuhi yote ni Jozani na mikoko ya Pete, kwa utulivu, na muongozaji wa msitu anayejua jina la kila mti, kisha chakula kilichopikwa na kina mama wa kijijini, hatauliza kobe yuko wapi. Makobe wa Changuu nao, tukisema ukweli, si wa hapa. Wa kwanza waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ni wazuri, wakae, na mwenye siku tatu akawaone.

Chakula hicho tumekitaja makusudi. Sehemu ya kiingilio cha Jozani hurudi kwa vijiji jirani, na hilo ni jambo jema, kwa sababu wakulima wa pale wamevumilia mengi. Kima wanakula vidaka vya nazi za watu. Lakini mgeni anayekaa dakika arubaini hanunui kitu Pete. Hali, hanywi hata dafu. Pesa yake anaitoa melini na kwenye duka la vinyago mjini. Akikaa saa tatu atasikia njaa, na njaa ya mgeni ndiyo riziki ya mama ntilie. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini apone vipi kwa mtu anayemuona kupitia kioo cha basi?

Na kuhusu hicho kioo: kina dada mnaofanya kazi ya kuongoza wageni, waambieni ndani ya gari, kabla hawajashuka. Mwanamke anayefua au anayetoka shambani na kanga moja kiunoni hapigwi picha bila ridhaa yake. Bega lifunikwe kijijini. Kima asilishwe ndizi wala biskuti, na asisogelewe, kwani mafua yetu yanaweza kumuua. Wageni hawakasiriki wakielezwa kwa adabu. Wanakasirika wakielezwa mbele za watu baada ya kosa.

Mwenyezi Mungu ametufanya wasimamizi wa ardhi hii, na usimamizi ni amana. Ndiyo maana tunawauliza pia nyinyi wasomaji wa mjini: mara ya mwisho Jozani ilikuwa lini? Wengi watajibu, safari ya skuli. Tumetembea katika ardhi mpaka Dubai na Guangzhou, na mtu wa Norway anamjua kima punju kuliko sisi.

Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mbele ya geti. Nendeni siku ambayo hakuna meli, asubuhi mapema, kima wakiwa bado wanakula. Vaeni viatu vya kufunika vidole na mjipake dawa ya mbu. Chakula kiacheni kwenye kikapu mpaka mtoke, wasije kukiona.