Afya Yetu: Si Kila Mstari wa Picha ni Mvunjiko

Mtu akiteguka mguu, akapigwa picha ya eksirei hospitalini, mara nyingi hurudi na picha ile nyumbani. Jamaa humzunguka, wakaiinua penye mwanga wa dirisha, na kila mmoja akatoa hukumu yake. Huyu aona ufa, yule aona kipande kilichokatika. Mwenye mguu hushikwa na hofu, hasa ikiwa mvua zimekaribia na shamba lamngoja. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji jambo litakalowaondolea hofu ya bure, na papo hapo kuwaonya wasiidharau hatari ya kweli.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Miale hiyo hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia, na kwa hiyo mfupa huonekana mweupe katika picha. Gegedu, yaani ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, haionekani. Jambo hili lishikwe vyema, maana ndilo asili ya makosa mengi.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 12 aliyeumia akicheza mpira. Katika picha yake, penye shina la mfupa mrefu unaoelekea kidole kidogo cha mguu, chaonekana kipande chembamba kilichojitenga. Je, amevunjika? Huenda sivyo. Katika umri huo mfupa ungali ukikua, na kipande kile ni ncha yake ambayo bado imeunganishwa kwa gegedu isiyoonekana. Baada ya miaka michache vitashikana viwe kitu kimoja. Alama ya kuvitambua ni hii: mstari wa kukua hufuata urefu wa mfupa, bali mvunjiko wa mahali pale kwa kawaida huukata mfupa kwa kupita upande hadi upande. Hata kisigino cha mtoto huweza kuonekana kimegawanyika vipande vipande, na mtoto mwenyewe akawa mzima kabisa.

Watu wazima nao wana mambo yao. Wayo una mifupa 26, bila kuhesabu miwili midogo iliyo chini ya kidole gumba. Lakini maumbile hayakuwafanya watu wote sawasawa. Wengine wana mfupa mdogo wa ziada nyuma ya kifundo, juu ya kisigino. Wengine, yapata watu 10 katika kila 100, wanao upande wa ndani wa wayo, pale unapopindika. Na wengine, ile mifupa midogo ya chini ya kidole gumba imegawanyika sehemu mbili tangu zamani.

Basi daktari hutofautishaje? Kwanza hutazama kingo. Mfupa wa ziada una kingo laini, umezungukwa na mstari mweupe pande zote kama kokoto la mtoni. Kipande kilichovunjika majuzi kina upande mkali usio na mstari ule. Pili, vipande vya chungu kilichovunjika huweza kurudishwa vikakamilisha chungu. Mfupa wa ziada haukai hivyo na jirani yake. Tatu, huenda akautazama mguu wa pili, ingawa jambo hili halitoshi peke yake, kwa kuwa watu wengine wana mfupa wa ziada mguu mmoja tu.

Lakini kupita yote hayo ni kidole cha daktari. Akibonyeza mahali palipo na mstari na mgonjwa asione maumivu, mstari ule si wa kuogopwa sana. Kwa mtu mzima aliyeumia kifundo, waganga wengi hufuata kanuni zilizotangazwa huko Ottawa, Kanada, mwaka 1992: picha yahitajiwa ikiwa pana maumivu kwenye kifundo, na pia mfupa wauma unapobonyezwa kwa nyuma au nchani mwa kifundo, ama mgonjwa hakuweza kwenda hatua 4 mara alipoumia na hata alipofika hospitalini. Mtu ambaye miguu yake imepoteza hisia, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, asitegemee kipimo cha maumivu.

Msomaji asidhani kwamba mfupa wa ziada hauumi kamwe. Kiatu chaweza kuusugua, au mchezaji anayepiga mpira sana akausumbua ule wa nyuma. Tena, mvunjiko mwembamba huweza kukosekana katika picha ya siku ya kwanza, ukaonekana baada ya siku 10 au 14. Kwa hiyo maumivu yakizidi, rudi hospitalini hata kama uliambiwa u mzima.

Mwisho, tunza picha zako za zamani na uende nazo. Mfupa uliokuwapo miaka 5 iliyopita haukuvunjika jana, na picha ile moja yaweza kukuepusha na majuma ya kufungwa plasta pasipo sababu. Nao wanaokusanyika dirishani wakumbuke kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.