Je, Mwenye Mbio Achaguliwe Kwanza?



Mwanzo wa mwaka ujao makepteni wa nyumba zetu nne watasimama tena kando ya uwanja, na wanafunzi wapya watapangwa mbele yao ili wachaguliwe mmoja mmoja kwa zamu kwa ajili ya mpira wa miguu. Nyumba iliyokuwa ya mwisho ndiyo huchagua kwanza. Ninyi wazee mnaijua sana desturi hii, na huenda wengine wenu bado mnakumbuka mliitwa wa ngapi. Mimi ninamaliza kidato cha sita, wala sitachagua tena. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno moja kabla sijaondoka. Neno lenyewe ni hili: kijana mwenye mbio asichaguliwe kwanza, isipokuwa na nyumba ambayo tayari ina mabeki.

Najua ya kwamba wengi watanicheka. Mwenye mbio ndiye anayewapendeza watu. Akipata mpira pembeni, hata wapishi hutoka jikoni kumtazama. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo hayo, kwa maana niliyapata nyumbani.

Kwetu ni Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Jumamosi jioni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Wahabeshi huchanganyika uwanjani, na wengi wetu husikilizana kwa Kiswahili. Magoli ni miti ya mkaratusi, na mara nyingine mchezo husimama kuwapisha ng'ombe wa Kinyankole wenye pembe ndefu. Vijana wawili wakubwa huchagua watu wao. Wa kwanza kuitwa siku zote ni yule mwenye mbio. Wa mwisho hutiwa golini, naye kwa kawaida ni mtoto mnene, au mgeni aliyefika juzi ambaye hata jina lake halijajulikana. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuhesabu thamani ya watu katika mpira.

Basi mwaka jana nilifanywa kepteni, na kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, nilipewa kuchagua kwanza. Mabeki wetu watatu walikuwa wamemaliza shule. Mbele yangu walisimama vijana wengi, na katikati yao kijana mmoja wa Kabazana ambaye nilimjua tangu utoto, ambaye hakuna aliyeweza kumshika hata akikimbia pekupeku. Sikufikiri hata dakika moja. Nilimwita yeye.

Mechi ya kwanza alifunga mabao mawili, nasi tukafungwa matatu. Mechi ya pili alifunga moja, tukafungwa manne. Kufika mechi ya tatu kila mtu alikwisha jua ya kwamba mpira wetu una njia moja tu. Wakamwekea watu wawili. Alipigwa teke mara ya kwanza akaja kwangu akichechemea, nami nikamwambia, "Vumilia, kaka, tunakutegemea wewe." Alivumilia. Kabla ya nusu ya kwanza kwisha alianguka, na goti lake likavimba hata hakuweza kuvaa suruali. Waliomwangusha hawakucheza kwa hila. Kosa lilikuwa langu, na ninaliandika hapa ili lisiandikwe tena na kepteni mwingine.

Likizo ilipofika nilikwenda kwao kumwamkia mama yake. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mlikuwa wangapi uwanjani siku ile?" Nikajibu, "Kumi na mmoja, mama." Akanyamaza kidogo, akauliza tena, "Na wale kumi walikuwa wapi?" Nilirudi nyumbani bila jibu. Makala hii ndiyo jibu langu.

Sasa naomba mnifuate mbali kidogo, hata Marekani, maana huko swali hili hili limejaribiwa kwa fedha nyingi. Binamu yangu, aliyekuwa golikipa wetu Kabazana kabla familia yao haijahamishiwa huko, ndiye aliyenieleza kwa simu, nami nikasoma zaidi. Mpira wao si kama huu wetu. Hushikwa mikononi na kukimbizwa, karibu na raga, na watu huangushana kwa nguvu. Yuko mchezaji mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kupokea mpira na kupenya katikati ya adui. Mbele yake husimama majitu matano ambayo kazi yao ni kuwasukuma adui ili apate njia. Mkimbiaji huimbwa na watu wote. Wale watano hujulikana na mama zao.

Kila mwaka klabu zao kubwa, ambazo sasa ni 32, huchagua vijana wa vyuo vikuu kwa zamu, na klabu iliyofanya vibaya kuliko zote huwa ya kwanza, kama nyumba zetu. Desturi hiyo ilianza mwaka 1936. Kijana wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mkimbiaji hodari sana. Hakucheza hata mechi moja katika ligi ile, kwa kuwa hawakupatana juu ya mshahara. Tangu siku hiyo Wamarekani hawajaacha kubishana: je, mkimbiaji achaguliwe mapema, au asubiri?

Mwaka 2018 klabu ya New York Giants, ikiwa na nafasi ya pili, ilimchagua mkimbiaji Saquon Barkley. Mwaka wake wa kwanza alikimbia yadi 1,307 akasifiwa na kila mtu, lakini klabu yake ilishinda mechi 5 tu ikashindwa 11. Septemba 2020 goti lake liliumia vibaya, asicheze tena msimu ule. Mwaka 2024 alihamia Philadelphia Eagles, na huko alikuta ukuta wa watu mbele yake. Mmoja wao alikuwa Jordan Mailata, Mwaustralia aliyezoea raga, ambaye hakuwa amecheza mpira wa Kimarekani hata mechi moja alipochaguliwa. Aliitwa mwaka ule ule wa 2018, naye alikuwa wa 233. Nyuma ya watu wa namna hiyo Barkley alikimbia yadi 2,005 katika msimu mmoja, na Februari 2025 wakatwaa ubingwa kwa kuwashinda Kansas City Chiefs 40 kwa 22. Miguu ilikuwa ile ile, tena imezeeka miaka sita na goti moja limekwisha pasuliwa. Waliobadilika ni watu waliomtangulia.

Hao Giants wenyewe walipata kuchagua kwa njia nyingine, na jambo hilo latuhusu sisi wa Uganda. Mwaka 2006, katika duru ya kwanza, walimwita Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii. Yeye hakuwa mkimbiaji. Kazi yake ilikuwa kuwazuia na kuwakamata wanaokimbia. Klabu ile ilitwaa ubingwa Februari 2008, na tena Februari 2012, Kiwanuka akiwa mmoja wao.

Turudi nyumbani. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1978, timu ya Uganda ilipofika fainali ya Kombe la Afrika mjini Accra ikafungwa na Ghana 2 kwa 0. Baada ya hapo tulingoja miaka mingi. Wakimbiaji hodari walizaliwa, wakachezea nchi, wakazeeka, na kombe lile tukaendelea kulisikia redioni tu. Tulipofuzu tena, Septemba 2016 pale Namboole, bao lilikuwa moja tu, la Farouk Miya dhidi ya Visiwa vya Komoro. Golikipa wa kikosi kile alikuwa Denis Onyango, na Januari 2017 ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza katika bara lenyewe. Golikipa! Mtu ambaye Kabazana tungemwita wa mwisho.

Hapo mpinzani wangu atasimama aseme, "Ngoja kwanza. Kule Gabon mwaka 2017 Uganda ilifungwa mabao matatu tu katika mechi tatu, lakini ilifunga moja tu, ikatoka na pointi moja. Ukuta bila mkuki wafaa nini?" Nakubali, ni swali la haki. Hata mwaka 2019 kule Misri, Uganda iliposhinda mechi ya kwanza 2 kwa 0, waliofunga walikuwa mafowadi, Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi, na safari hiyo timu ilipita makundi. (Walioshindwa siku ile walikuwa Kongo, nami nikiwa mtoto wa Kikongo niliyelelewa Uganda, sikujua nishangilie upande gani.) Lakini tazameni mpango wa mambo. Ukuta ulijengwa kwanza, ndipo mkuki ukapata kazi. Mimi simdharau mwenye mbio. Ninabishana juu ya zamu yake tu.

Sababu zangu ni tatu. Kwanza, mbio ni mali inayokwisha upesi. Kijana wa mbio huumizwa kuliko wenzake, maana kila mtu humwinda. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Beki mwenye akili huongeza thamani kila mwaka, kwa kuwa hujifunza kusimama mahali pake.

Pili, wenye mbio ni wengi. Tembeeni Nakivale au vijiji vya Mbarara jioni moja, mtaona watoto wanaokimbia kama upepo. Sentahafu anayejua kuwapanga wenzake na kunyamaza anapotukanwa ni adimu. Chenye uchache ndicho kichukuliwe kwanza.

Tatu, nayo ndiyo kubwa, kumchagua mwenye mbio bila kumwekea watu ni kumdhulumu. Tunamsifu, kisha tunamtwika mzigo wa watu kumi. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole chepesi namna gani.

Wengine husema tena, "Ukimwacha, mwenzako atamchukua, nawe utakutana naye uwanjani." Kweli. Mwaka huu nilikuwa na zamu ya kwanza tena, nikamwacha winga mmoja hodari, nikamwita kijana mpole mwenye mabega mapana ambaye hakuna aliyemtazama. Watu walicheka hata mwalimu akawanyamazisha. Yule winga alikwenda nyumba nyingine, na tulipokutana alitufunga bao moja zuri sana. Moja. Yule mpole alikuwa mbele yake siku nzima. Kombe hatukulipata, sitawadanganya. Tulikuwa wa pili. Lakini hatukufungwa zaidi ya bao moja katika mechi yo yote, wala hakuna aliyetolewa uwanjani akibebwa.

Kwa hiyo nawaomba makepteni wajao: kabla hujaita jina la kwanza, hesabu kwanza nyumbani kwako. Una golikipa? Una sentahafu? Una mabeki wawili wasiogopa? Kama unao, mwite mwenye mbio mara moja, wala usimwachie mtu. Kama huna, anza na hao, hata wakikucheka. Na yule atakayeitwa wa mwisho, mpe mkono mbele ya watu wote. Huenda ndiye Mailata wako.

Yule kijana wa goti yupo pamoja nasi. Mwaka huu wote ameshika bendera kandoni mwa uwanja, naye ni mkali kwa ofusaidi kuliko waamuzi wote. Daktari amemruhusu kuanza kukimbia polepole, na mwaka ujao anatumaini kucheza tena. Mimi sitakuwapo, lakini yule mpole bado ana miaka miwili hapa. Safari hii, akipokea mpira na kugeuka nyuma, nataka aone watu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa kidato cha sita