Sanduku la Sauti: Tulinunue au Tulitengeneze?

Juma hili twajibu ulizo ambalo vijana wengi wa kwetu hulitoa mara wapatapo fedha kidogo. Mmoja auza maharagwe yake Kirumba, mwingine apata mshahara wake wa kwanza Butembo au Beni, naye ataka nyumba yake iwe na muziki mzuri na sinema yenye kusikika vema. Basi huuliza: yafaa kununua bafle zilizotengenezwa kiwandani, au yafaa kununua spika peke yake na kumwendea seremala? Wazazi nao huuliza kwa namna yao: mbona mtoto analeta mbao na gundi nyumbani, hali maduka yamejaa vitu vilivyo tayari?

Ulizo hili si dogo. Fedha hiyo hiyo ingeweza kulipa karo ya mtoto au kununua bati za nyumba. Mwenye kuitoa kwa ajili ya sauti hana budi kujua anachonunua. Tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza tuelewe jina lenyewe. Watu wa kwetu husema bafle. Watanzania na Wakenya husema spika. Neno bafle limetoka katika lugha za Ulaya, na kati ya mafundi wa sauti maana yake ya kwanza si chombo kinachotoa sauti, bali ni ubao ambamo chombo hicho hufungwa. Jina lenyewe, basi, latufundisha kwamba ubao una kazi kubwa. Kazi gani?

Spika ina sehemu tatu zilizo kuu: sumaku, uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na karatasi ngumu yenye umbo la pia. Umeme upitapo katika uzi, sumaku huuvuta na kuusukuma, na karatasi huenda mbele na nyuma pamoja nao. Mwaka wa 1925 Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza chombo cha namna hiyo, na spika nyingi za leo ni wajukuu wa kazi yao. Lakini tazama: karatasi isukumapo hewa ya mbele, papo hapo huivuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na sauti ya nyuma ni maadui. Zikikutana ukingoni mwa spika huuana, na zifazo zaidi ni sauti nene, yaani zile za ngoma na za gitaa la besi.

Wanafunzi waweza kujionea wenyewe. Chukueni spika ya redio iliyoharibika, mwiunge na redio nzima, msikilize ikiwa uchi mkononi. Sauti yake ni nyembamba kama ya nyuki ndani ya chupa. Kisha ishikeni vizuri juu ya ubao mpana uliotobolewa tundu la ukubwa wake. Mara moja sauti hunenepa, ingawa umeme ni ule ule na spika ni ile ile. Ubao umewatenga wale maadui wawili. Ubao huo ukikunjwa pande zote mpaka ujifunge, ndilo sanduku.

Kwa hiyo kila bafle ina vitu viwili ndani ya kimoja. Kuna spika, ambayo hakuna mtu awezaye kuitengeneza vema nyumbani, kwa kuwa yataka mashine na vipimo vidogo kuliko unywele. Na kuna sanduku, ambalo seremala yeyote mwangalifu aweza kulitengeneza. Ukishika tofauti hiyo, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Sasa twende sokoni. Wafanya biashara wa Butembo wanajulikana mbali kwa safari zao za Dubai na Guangzhou. Mizigo yao hupita baharini mpaka Mombasa, kisha kwa lori kupitia Uganda hadi mpaka wa Kasindi, ndipo hufika Beni na Butembo. Kati ya mizigo hiyo vimo vyombo vizuri, na vimo vyombo vya kudanganyia macho. Utakuta sanduku la plastiki lenye pete nne zinazong'aa mbele, na nyuma ya pete mbili hamna spika hata kidogo. Utakuta imeandikwa wati 1,000, na pembeni herufi PMPO. Kwa lugha ya wazi, herufi hizo ni za majivuno: zataja nguvu ya kitambo kidogo sana, iliyohesabiwa kwa namna ampendezayo muuzaji. Nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa kwa kudumu huandikwa RMS, nayo huenda isifike hata wati 20. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini tusikidharau kiwanda. Kiwanda chema kina kitu asichokuwa nacho seremala, yaani hesabu na vipimo. Sanduku dogo mno huibana spika mpaka sauti nene ikavimba kwa ubaya; sanduku lisilopatana na spika humharibia kazi hata fundi mwenye mkono mzuri. Mwaka wa 1961 Neville Thiele wa Australia alionyesha jinsi ya kukadiria sanduku kwa kufuata tabia ya spika yenyewe, na katika miaka ya 1970 Richard Small aliiendeleza kazi hiyo. Tangu hapo fundi hana haja ya kubahatisha. Viwanda vyenye adabu huandika tabia hizo katika karatasi inayofuatana na spika, na mwenye kujenga aifuate karatasi hiyo kama mpishi afuatavyo kipimo cha chumvi.

Tena kitu cha kiwanda chaweza kuwa rahisi na chema pamoja, ikiwa mwenye kukibuni ameifikiria nyumba itakayokipokea. Mwaka wa 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri kwa pauni 5. Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari huko Lusaka, aliihangaikia kwa ajili ya watu wasio na umeme. Sanduku lake la mviringo lilitokana na umbo la sufuria, na watu wakaiita kwa jina hilo la sufuria. Haikuwa na majivuno yoyote, lakini ilifanya kazi iliyotakiwa.

Basi anayetaka kutengeneza sanduku mwenyewe afanyeje? Tutaje mambo makubwa tu.

Kwanza, achague spika kabla ya kukata ubao. Sokoni aichunguze. Aibonyeze karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza ndani, uzi umepinda, na airudishe. Aguse nyaya zake kwa betri moja ya volti 1.5, spika nzima hutoa mlio na karatasi hujongea. Akiwa na kipimio cha umeme, spika iliyoandikwa omu 8 itaonyesha kama 6 hivi, wala hilo si kosa. Spika zilizotumika Ulaya zaweza kuwa nzuri sana, lakini autazame ukingo wa sifongo unaozunguka karatasi, kwa sababu huoza kwa miaka hata kama chombo hakikutumiwa.

Pili, sanduku. Mathalani karatasi ya spika yataka lita 30. Sanduku ambalo ndani yake lina urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kina cha 25 lina sentimita za mjazo 30,000, ambazo ni lita 30 kamili. Ubao ukiwa na unene wa milimita 18, kila kipimo cha nje kitazidi cha ndani kwa milimita 36. Triplex nene iliyoshikana vema yafaa. Mbao za unga wa msumeno uliogandamizwa huvimba upesi zikipata unyevu, na ukungu wa milima yetu ya Lubero si rafiki yao. Ubao wa mti mbichi usitumike kamwe: utapasuka, na ufa hata ukiwa mwembamba kama kisu huwafungulia mlango wale maadui wawili tuliowataja. Kila kiungo kitiwe gundi pamoja na skrubu, na spika iketi juu ya kizibo laini cha mpira au kitambaa kizito.

Tatu, nyaya. Bafle mbili zikiungwa moja sawasawa na nyingine kinyume, moja husukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nene hupotea chumbani. Tena spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Ampli nyingi haziwezi kubeba omu 2. Huungua, na kijana husema ameuziwa kitu kibovu, kumbe ni hesabu. Spika ndogo ya sauti nyembamba nayo isiungwe bila kondensata ya kuzuia sauti nene, la sivyo itakufa siku ya kwanza ya karamu.

Tuseme pia juu ya nguvu, maana nyumba nyingi za kwetu zaishi kwa miale ya jua na betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nguvu ya wati-saa 1,200. Ili isife mapema tutumie nusu, yaani 600. Ampli inayokula wati 60 itaimba saa 10; inayokula 300 itanyamaza baada ya saa 2, na taa za watoto wanaosoma zitazimika pamoja nayo. Kwa hiyo tusitafute wati nyingi, bali tutafute spika yenye wepesi wa kuitika. Wepesi huo huandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 90 kwa wati 1 hutoa kwa wati 10 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 87 huitoa kwa wati 20. Tofauti ya 3 yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye betri ni nusu ya gharama.

Na wale wanaotamani sinema ya nyumbani yenye masanduku 6, yaani 3 mbele, 2 nyuma na 1 la sauti nene? Twawashauri waanze na 2 yaliyo mema. Katika chumba cha mita 4 kwa 4, masanduku mawili mazuri yaliyowekwa kushoto na kulia hueleza maneno na muziki kuliko 6 ya plastiki. Fedha ikipatikana, waongeze la katikati, ambalo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya wasemaji, kisha la sauti nene. Mwenye kujenga aweza kuongeza moja moja. Aliyenunua seti nzima ya bei rahisi hawezi, kwa kuwa kila kitu chake kimefungwa pamoja, na kimoja kikifa vyote hunyamaza.

Hapo twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga, kisha Kirumba, ziliingia mikononi mwa M23, na jamaa nyingi zilishika njia na mizigo kichwani. Nyumba zetu hazina hakika ya kukaa mahali pamoja. Sanduku zito haliendi safarini. Lakini bafle iliyotengenezwa kwa ufahamu hufunguliwa kwa skrubu 4 au 8, na spika yake, ambayo ndiyo yenye thamani, huingia katika mfuko wa nguo. Mbao zaweza kubaki. Mwenye kuijua kazi atakata nyingine popote atakapofika, na huenda akawakatia na majirani kwa malipo. Kwa kijana aliyepoteza shamba, ujuzi huo si mchezo.

Tusidhani kwamba kutengeneza ni kazi ya maskini wasio na la kufanya. Huko Kinshasa mpiga likembe Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka wa 2015, alianzisha katika miaka ya 1960 kikundi kilichoitwa baadaye Konono N°1. Likembe ni chombo cha sauti ndogo, na makelele ya mji yaliifunika. Wakachukua sumaku za magari mabovu, wakatengeneza vinasa sauti, wakavitoa kwa vipaza vya zamani vilivyobaki tangu utawala wa Wabelgiji. Katikati ya miaka ya 2000 muziki wao ulisikika Ulaya na Marekani. Angalieni kwamba vipaza hawakuvitengeneza: walivipata. Walitengeneza kile kilichokosekana.

Basi shauri letu ni hili. Nyumba inayotaka habari na nyimbo kidogo inunue redio njema, isijisumbue na mbao. Asiye na seremala mwaminifu, wala subira ya kupima mara mbili, anunue bafle ya kiwanda, lakini aipime kwa masikio na kwa uzito, si kwa taa zake. Na aliye na subira anunue spika nzuri kadiri awezavyo, ajenge sanduku mwenyewe. Kabla ya kuanza aandike katika daftari bei ya kila kitu: spika, ubao, gundi, skrubu, nyaya, kondensata na siku za fundi. Mara nyingine jumla itapita bei ya dukani, na ni afadhali kuligundua hilo kwa kalamu kuliko kwa msumeno.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto amekaa na ubao, rula na spika ya zamani, msimfukuze upesi. Mwulizeni kwanza sanduku lake lina lita ngapi. Akijibu sawasawa, mpeni taa amalize kazi.