Kabla hujafunga sabufa kwenye pikapu, nisikilize kwanza

Najua nimepotea wiki mbili hizi. UE zilitubana kila kona, hapa hosteli watu walikuwa wanalala na madesa kifuani. Sasa zimeisha, nimepumua, na kuna jambo linanikereketa. Leo naongelea redio ya gari, tena ya pikapu. Najua wengi wetu hatuna hata baiskeli, lakini vumilieni kidogo, mtaona hela inavyoliwa.

Bamdogo wangu kule Morogoro ana Hilux ya mwaka 2002, ya kabini moja, mtumba kutoka Japani. Ndiyo inayoteremsha karoti na kabichi za Mgeta kwenda sokoni mjini, na ndiyo inayonijazia ile sehemu ya ada ambayo mkopo haufiki. Juzi kanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akaenda moja kwa moja: "Msomi, we si unasoma umeme? Kuna duka wamenipa bei ya mziki kamili. Redio ya skrini, amplifaya, sabufa mbili, spika nne. Milioni moja na laki nane. Nilipe?" Nikamwomba siku tatu.

Msimamo wangu ni huu: redio ibadilishwe, spika za mbele zibadilishwe, basi. Zaidi ya hapo, kwa gari la kazi, ni kelele tu.

Nianze na wale wanaosema redio kwenye gari la mizigo ni anasa. Siafiki hata kidogo. Mtu anatoka saa tisa usiku, peke yake na utingo aliyesinzia, kona baada ya kona. Redio inamfanya awe macho, inampa habari, inampa na bei za mazao. Sasa redio aliyokuja nayo kutoka Japani ni kama pambo. Wajapani FM yao ilikuwa inaanzia 76 mpaka 90, wakaja kuongeza mpaka 95 mwaka 2014. Sisi FM yetu ni 87.5 mpaka 108. Piga hesabu: redio ya bamdogo inaona kakipande kadogo tu, 87.5 mpaka 90. Vituo vingine vyote vinapita juu ya kichwa chake.

Mtaambiwa kuna kale kadude wanakofunga mafundi kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kweli kapo, na ni ka bei rahisi. Lakini tuseme kanashusha kwa megahezi 14: kituo cha 98 unakikuta kwenye 84, na vya juu ya 104 vinabaki nje. Redio ya Kijapani ina nafasi ya megahezi 14 tu, na masafa yetu yana upana wa 20 na nusu. Gunia la kilo mia haliingii kwenye kapu. Na mara nyingi kanaleta mikwaruzo juu yake. Kwa hiyo redio itoke, hilo halina mjadala.

Sasa twende kwenye uongo wa dukani. Boksi la redio limeandikwa wati 50 mara nne. Wadau wa umeme, hebu tufanye hesabu ya mwaka wa kwanza. Gari likiwa linawaka lina volti kama 14.4. Bila kifaa cha ndani cha kupandisha volti, wimbi la sauti haliwezi kupita hapo, kwa hiyo volti za kweli za wimbi safi ni kama 10. Kumi mara kumi ni mia, gawa kwa omu 4 za spika, unapata wati 25. Huo ndio mwisho wa nadharia, kwenye maisha ya kweli ni chini ya hapo. Hizo 50 ni za kilele, ukiwa mziki umeshaanza kukoroma. Ukiwa dukani uliza RMS. Muuzaji akikodoa macho, jua unauziwa boksi.

Kingine wasichokwambia: wati sio sauti. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi! Ndiyo maana nasema hela iende kwenye spika. Nyuma ya boksi la spika pameandikwa desibeli kwa wati moja. Spika ya 92 ikilinganishwa na ya 88, umepata desibeli 4 za bure, sawa na kuongeza nguvu mara mbili na nusu, bila amplifaya, bila waya mnene, bila kuisumbua betri. Spika za kiwandani za pikapu nyingi ni karatasi na kasumaku kadogo, halafu baada ya miaka zaidi ya ishirini ya vumbi na maji ya dirishani, karatasi imeoza. Badilisha hizo mbili za mlangoni, ziba matundu ya bati la mlango vizuri, utadhani umenunua gari lingine.

Sabufa je? Kwanza, utaiweka wapi? Kabini moja nyuma ya kiti pana jeki, spana na turubai. Pili, amplifaya ya wati 500 za kweli ikikazwa mpaka mwisho inakula karibu ampea 48. Taa kubwa mbili kwa pamoja zinakula kama 9 au 10. Altaneta ni hiyo hiyo moja. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kwenye pikapu ya mzigo, utingo akiwa juu anaongea na dereva kwa kugonga bodi. Mzigo umelala, kamba imekatika, mtu yuko nyuma ya gari wakati wa kurudi rivasi, anagonga. Sabufa inadunda, nani atasikia? Na ile skrini ya kuangalia video, kwenye kona za Mgeta, ya nini?

Masikio nayo ni mali. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Bamdogo anaendesha saa 4 kabla ya Jumanne kuisha.

Kuhusu ufundi, mambo machache. Usikubali fundi akate plagi ya Toyota na kusokota nyaya kwa seloteipu. Kuna plagi za kuunganishia, zinauzwa, na siku ya kuuza gari unarudisha redio yake. Rangi za nyaya za Toyota hazifanani na za redio ya dukani (huko njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni hasi), kwa hiyo anayeunganisha kwa kufananisha rangi mkimbie. Nafasi ya redio ya Toyota ina upana wa sentimita 20, redio nyingi ni 18, kuna vipande vya pembeni vya kuziba, asichonge deshibodi. Mwenye kung'ang'ania amplifaya, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, waya ukisuguliwa na bati bila fyuzi ni moto huo. Na wenye Canter: umeme wenu ni volti 24, redio ya 12 mtaichoma.

Jumamosi nimezunguka Kariakoo na jamaa yangu wa chumbani. Redio ya kawaida yenye USB na Bluetooth, jozi ya spika nzuri za mbele, plagi na ufundi: laki tatu na nusu. Zinabaki milioni moja, laki nne na nusu. Na tairi zake za nyuma ni kipara, nimeziona likizo iliyopita kwa macho yangu. Milima ile, mvua ile, mzigo ule.

Jamaa yangu kanipinga, eti namnyima mzee raha, mtu anatoa jasho miaka yote. Nakubali jasho lake lina haki ya mziki. Ndiyo maana nataka aupate unaosikika vizuri, sio unaotikisa kioo. Kijana anayetafuta jina kijiweni afunge hata sabufa sita, hela yake. Ila gari linalolisha nyumba lina foleni ya mahitaji, na sabufa iko mkiani.

Nimempigia nikamweleza hivyo hivyo. Kasema, "Nitafikiria, msomi." Hajasema zaidi, na mimi ni mtoto kwake, siwezi kusukuma. Mwenye hoja nzito kunizidi aimwage hapa, nitaisoma. Ngoja nikawahi ugali kabla foleni haijafika mlangoni.